Uvimbe wa baridi yabisi unazimaje jeni ya kolajeni kwenye mfupa? Au daktari kanipiga chai?

#1 Ugoko wa Chuma (mleta uzi)
Habari wakuu. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa tisa baridi yabisi inamtesa. Wiki mbili zilizopita aliteleza bafuni, akajikinga kwa kiganja, mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Hakudondoka kwenye mnazi, ni bafuni tu, tena kaanguka taratibu.

Daktari aliiinua eksirei dirishani akanionyesha mifupa ya vidole. Karibu na viungo imefifia kama risiti iliyokaa sana mfukoni, lakini katikati ya mifupa hiyohiyo weupe bado upo. Akasema uvimbe wa muda mrefu unamwaga kemikali "zinazozima jeni ya kolajeni" ndani ya mfupa. Nje foleni ilikuwa imefika getini, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Sasa wajuzi: kolajeni si ile ya ngozi, ya kwenye krimu za akina dada? Imefikaje kwenye mfupa? Na kemikali ya kwenye kiungo inaingiaje kwenye jeni mpaka iizime?

#2 Kisiki
Naweka kambi hapa, ngoja waje.

#3 Mzee Kongoro
Pole kwa mama. Mambo ya jeni waachie Wazungu. Supu ya kongoro kila asubuhi, bakuli moja, ndimu na pilipili, mwezi mmoja tu. Utakuja kunishukuru.

#4 Kipimajoto
Mkuu mleta uzi, hujapigwa chai. Nimefanya kazi maabara ya seli za mifupa miaka kadhaa, nitakueleza ninavyojua.

Ukiondoa madini na maji, karibu asilimia 90 ya kinachobaki kwenye mfupa ni kolajeni ya aina ya kwanza, na ndiyo hiyohiyo ya ngozi. Kalsiamu na fosfeti hujipanga juu ya nyuzi zake. Wanaozitengeneza nyuzi ni osteoblasti, yaani seli jenzi. Kiungo chenye baridi yabisi kimejaa seli za kinga zinazomwaga saitokini, molekuli ambazo seli hutumia kupeana taarifa: TNF-alfa, IL-1, IL-6 na nyingine.

Hazihitaji kuingia kwenye jeni. Zinagonga mlango tu, yaani kipokezi kilichopo kwenye utando wa seli jenzi. Ndani taarifa inapokezanwa mkono kwa mkono hadi protini kama NF-kapa-B inaingia kwenye kiini. Matokeo yake RUNX2, ambaye ni kama msimamizi wa seli jenzi, anashushwa, na nakala za RNA za kolajeni, yaani maagizo yanayonakiliwa kutoka kwenye jeni, zinapungua. Jeni yenyewe haijafutwa hata herufi moja. Nyaya zipo ukutani, LUKU ndiyo imeisha.

Jeni yenyewe inaitwa COL1A1, iko kromosomu ya 17.

#5 Msumari wa Inchi Sita
Mkuu #4, umesema vizuri ila umeacha nusu. Jeni ni mbili. COL1A1 iko kromosomu ya 17, COL1A2 iko ya 7. Uzi mmoja wa kolajeni hii ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama ukili: mbili za alfa-1, moja ya alfa-2. Kuna watoto wanaozaliwa na nakala moja tu ya COL1A1 inayofanya kazi. Kolajeni yao ni nzima, ila ni nusu ya inayotakiwa, na mifupa inavunjika hovyo. Kwa hiyo kupungua tu kunatosha kuleta balaa, si lazima kuzimika kabisa.

#6 Kipimajoto
Sahihi #5. Asante.

#7 Fundi Zege
Kwa lugha ya saiti: kolajeni ni nondo, madini ni zege. Ukiiba nondo, nguzo inasimama vizuri na rangi inapakwa, mwenye nyumba anahamia. Siku ikitikisika kidogo inakatika pu! bila hata kupinda. Nimemwelewa daktari kuliko nyie wote.

#8 Kisiki
Fundi Zege umejuaje habari za kuiba nondo? 😂

#9 Form Four Failure
Sisi mwalimu wa baiolojia alituambia tuloweke mfupa wa paja la kuku kwenye siki. Baada ya wiki madini yameyeyuka, mfupa unaupinda kama mpira, wangu niliukunja mpaka ncha zikagusana. Mwingine tuliuchoma jikoni hadi ukawa mweupe, ukiugusa unamomonyoka kama chaki. Wa kwanza umebaki kolajeni tupu, wa pili umebaki madini matupu. Ndiyo kitu pekee ninachokumbuka shule nzima.

#10 Bwana Ushahidi
Naomba niwe mkorofi. Kipimajoto, hayo ya "kuzima" yameonekana kwa binadamu au kwenye visahani vya maabara? Maana kwenye kisahani hata maji ya chooni yanaua kansa.

#11 Kipimajoto
Swali la haki. Mengi yalianza kwenye visahani na vipande vya mifupa ya panya. Mwaka 1986 kundi la Gregory Mundy lilichapisha kwenye Nature kwamba TNF inachochea kuliwa kwa mfupa na wakati huohuo inazuia ujenzi. Mwaka uleule Ernesto Canalis aliwekea mifupa ya fuvu la vijusi vya panya IL-1. Na hapa ndipo watu wanaposoma nusu: kiasi kidogo, kwa muda mfupi, utengenezaji wa kolajeni ULIPANDA. Kiasi kikubwa au muda mrefu, ukashuka.

Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilikuza seli za MC3T3, seli jenzi kutoka fuvu la panya mchanga. Unazipa vitamini C na fosfeti, wiki tatu, kisha unapaka rangi ya alizarini inayoshika kalsiamu. Visahani vya kawaida vilikuwa vyekundu kama juisi ya rozela. Vilivyowekwa TNF vilibaki na rangi ya maji yaliyosuuza glasi ya hiyo juisi. Nilivipanga dirishani nikavitazama dakika nzima. RNA ya COL1A1 nayo ilikuwa chini.

#12 Bwana Ushahidi
Na seli ulizihesabu? TNF inajulikana kwa kuua seli, jina lenyewe lilitolewa 1975 kwa sababu ilikuwa inaozesha uvimbe wa kansa kwa panya. Kama nusu ya mafundi wamekufa, ukuta utakuwa mfupi, lakini huwezi kusema ramani imefichwa.

#13 Kipimajoto
RNA inalinganishwa na ya jeni nyingine isiyobadilika, ndani ya sampuli ileile, kwa hiyo idadi ya seli haidanganyi sana.

#14 Bwana Ushahidi
"Sana." Nimelipenda hilo neno.

#15 Dokta Kibajaji
Niingilie kabla hamjashikana mashati. Hata kama RNA imeshuka, msisahau upande wa kukata. IL-1 inazifanya seli zitoe vimeng'enya vya kukata kolajeni, na saitokini hizi zinaongeza RANKL, ambayo ndiyo oda ya kuita osteoklasti, seli zinazokula mfupa. Eksirei haitofautishi ukuta uliobomolewa na ukuta ambao haukujengwa. Kwa maoni yangu, ile risiti iliyofifia karibu na viungo vya mama ni ulaji zaidi kuliko kuzimwa kwa jeni. Daktari wake kachagua nusu ya hadithi iliyo rahisi kusimulia kwa dakika tano.

Ila swali langu kubwa: mama anatumia predinisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe?

#16 Ugoko wa Chuma
Ndiyo, dokta. Miligramu 10 kila asubuhi tangu mwaka wa tatu wa ugonjwa. Ndiyo inayomwezesha kushika kikombe.

#17 Dokta Kibajaji
Basi tuna mtuhumiwa mwingine, na huyu ana rekodi polisi. Predinisoloni nayo inapunguza usomaji wa jeni ya kolajeni kwenye seli jenzi, inazifupishia seli hizo maisha, na hatari ya kuvunjika inapanda ndani ya miezi michache tu ya kuanza dawa. Dawa inayotuliza saitokini inaufanyia mfupa kosa lilelile la saitokini. Kwa mgonjwa mmoja huwezi kusema ni nani kati yao aliyevunja mkono.

#18 Jicho la Tatu
Si unaona! Hospitali ndiyo inayoua. Mwachishe leo leo.

#19 Dokta Kibajaji
#18 futa hiyo post. Mtu aliyemeza predinisoloni miaka sita tezi zake za juu ya figo zimezoea kulala. Ukikata ghafla anaweza kuanguka presha na kufa. Inapunguzwa polepole na daktari wake, siyo na jukwaa. Mods, tusaidieni.

#20 Ugoko wa Chuma
Hatuachi chochote, dokta, usiwe na wasiwasi. Mama mwenyewe anamwogopa daktari kuliko anavyoniogopa mimi.

#21 Mswahili wa Likoni
Hamjambo. Mimi nilianguka na bodaboda mwaka jana, muundi ukakatika. Nikaomba diklofenaki kwa sababu maumivu yalikuwa hayasemeki, daktari akaniambia "hapana, uvimbe huu tunauhitaji". Sasa hapa nasoma uvimbe unazima kolajeni. Nyinyi mwataka nifuate lipi? Uvimbe ni rafiki au ni adui?

#22 Kipimajoto
Ndugu yangu, umegusa penyewe. Mfupa ukivunjika, TNF inapanda ndani ya siku moja, halafu inashuka. Panya waliozalishwa bila vipokezi vya TNF wanachelewa kuunga mfupa. Panya wasio na COX-2, kimeng'enya ambacho diklofenaki inakizuia, nao wanaunga vibaya. Kwa binadamu matokeo yanapingana, wengi hutumia dawa hizo siku chache na wanapona salama. Daktari wako alikuwa mwangalifu.

Sasa rudi kwa Canalis, #11: kidogo kwa muda mfupi, au kingi kwa muda mrefu. Kuvunjika ni kelele ya siku chache. Baridi yabisi ni jirani anayepiga muziki miaka tisa.

#23 Bwana Ushahidi
Nzuri, ila hiyo ni tafsiri yako, Canalis hakupima baridi yabisi ya mtu.

#24 Nesi Mstaafu
Nimewasoma wanangu. Nimefanya wodi ya mifupa miaka 27, na hiyo habari ya "muda mrefu unazima" inanigomea.

Tulikuwa tunapokea watoto wenye usaha ndani ya mfupa, wameumwa miezi, wengine mwaka. Namkumbuka mmoja wa miaka minane, kidonda kwenye ugoko kinavuja hakikauki. Siku moja nasafisha, koleo ikagonga kitu kigumu. Nikavuta polepole, kikatoka kipande cha mfupa mfu, kirefu kama kijiti cha mshikaki, cha kijivu, kimeliwaliwa pembeni. Lakini eksirei ya mguu uleule ilionyesha mfupa mpya umejengeka kuzunguka kile kilichokufa, mnene kuliko wa mguu mzima! Usaha mwaka mzima, uvimbe mwaka mzima, na kolajeni imetengenezwa tele. Nielezeni hiyo.

#25 Fundi Zege
Shikamoo nesi. Hiyo tunaita jaketi. Nguzo ikioza unaizungushia nyingine kwa nje.

#26 Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Jaketi hasa.

#27 Bin Juma wa Muscat
Assalaam alaykum. Mie nna mfano mkali kuliko wa bibi nesi. Nna ugonjwa wa uti wa mgongo unaogandisha pingili. Eksirei yangu ukiitazama utasema mwanzi, pingili zimeunganika moja kwa moja. Uvimbe ni wa miaka kumi na mitatu, na mfupa haukupungua, umejengeka pale usipotakiwa. Sasa kichekesho: nilipopimwa wingi wa mfupa, ndani ya pingili zilezile mfupa ni mwepesi! Nje najengwa, ndani nabomolewa, mtu mmoja, ugonjwa mmoja. Nachomwa sindano ya kuzuia TNF. Maumivu yamekwenda wallahi, nalala usiku. Lakini daktari kasema mfupa uliokwishaota hauondoki, na sindano haizuii upesi mwingine usiote.

#28 Kisiki
Kambi yangu sasa ina choo na jiko. Endeleeni.

#29 Msumari wa Inchi Sita
Bin Juma na mama wa mleta uzi ni watu wa kuwekwa meza moja. Wote wana TNF nyingi, mmoja analiwa mfupa, mwingine anaoteshwa. Mwaka 2007 ilichapishwa kwenye Nature Medicine kazi ya kundi la Georg Schett: panya wenye TNF iliyozidi viungo vyao vinaliwa, na TNF inapandisha protini inayoitwa DKK1, ambayo ni breki ya seli jenzi. Walipoizuia DKK1, viungo vilevile vikaacha kuliwa, vikaanza kuota mfupa. Kwa hiyo huenda mkuu wa mambo siyo saitokini zenyewe, ni breki iliyopo chini yake.

#30 Dokta Kibajaji
Au ni mahali. Ngozi ya nje ya mfupa ina seli changa nyingi zinazosubiri kuamshwa, ndani mambo ni mengine. Kila mfano wa kujenga mliotoa, wa nesi na wa Bin Juma, unaanzia nje au pale kano zinaposhika mfupa. Tena mfupa ukiliwa unaachia TGF-beta, molekuli nyingine ya kupeana taarifa iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, na hiyo inawasha jeni za kolajeni. Adui anabomoa ghala, ghalani kuna mbegu.

#31 Kipimajoto
Hilo la mahali ni zuri kuliko la breki, ila halielezi kwa nini mashimo yanayoachwa na baridi yabisi kwenye mfupa hayajai vizuri hata TNF ikizuiwa. Kuna TGF-beta pale pia.

#32 Dokta Kibajaji
Kwa sababu uvimbe haujaisha wote, kuna mabaki usiyoyaona kwa macho.

#33 Bwana Ushahidi
"Yapo ila hayaonekani." Tumeingia kwenye dini sasa.

#34 Mjuzi wa Mambo
Mmesahau chikungunya. Nayo inaingia kwenye viungo, na kirusi kinaweza kuambukiza seli jenzi zenyewe zikaanza kutoa IL-6. Iligunduliwa kwetu 1962, na jina ni la Kiswahili.

#35 Binti Newala
Mjuzi wa Mambo, mjuzi wa mambo gani? Ni 1952, uwanda wa juu wa Makonde, na jina ni la Kimakonde, linasema habari ya kukunjamana, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea kajikunja. Bibi yangu alisimulia watu walivyokuwa wanatambaa kwenda uani. Mwachie Mmakonde chake.

#36 Mjuzi wa Mambo
Nimekubali, dada. Hiyo ya IL-6 lakini ni kweli.

#37 Mwalimu Mkuu Mstaafu
Ninyi mnaandika "uvimbe" kila mahali. Uvimbe ni kansa pia, ni jipu pia. Mfupa wa mama huyu haujavimba popote, unaliwa kimya kimya. Afadhali tuseme inflamesheni tueleweke.

#38 Mswahili wa Likoni
Mwalimu, mamangu nikimwambia ana inflamesheni atauliza nimempeleka benki gani.

#39 Mzee Kongoro
Naona mmezunguka Muscat na Newala mmeniacha na supu yangu. Kongoro ni kolajeni tupu, inaganda yenyewe asubuhi. Mfupa unakosa kolajeni, mimi naileta. Kosa langu liko wapi?

#40 Msumari wa Inchi Sita
Mzee wangu, supu ikifika tumboni inakatwakatwa vipande vidogovidogo kama nyama nyingine yoyote. Seli jenzi haipokei uzi uliosokotwa, inapokea malighafi. Na kama oda ya kazi imezimwa, hata ukimwaga lori la nondo saiti, fundi hagusi.

#41 Fundi Zege
Nathibitisha. Bila posho hatugusi.

#42 Nesi Mstaafu
Mpeni mzee haki yake kidogo. Mgonjwa wa baridi yabisi hali vizuri, anakonda, hana protini ya kutosha. Supu ni chakula. Na unga wa ubuyu una vitamini C, ambayo bila hiyo nyuzi za kolajeni hazisokotwi zikashika. Kipimajoto si kasema hata seli zake kwenye visahani alizipa?

#43 Kipimajoto
Nilizipa, nesi. Usipozipa hazijengi kitu, iwepo TNF isiwepo.

#44 Mzee Kongoro
Kongoro na ubuyu. Sayansi imenifuata nyumbani.

#45 Ugoko wa Chuma
Wakuu, nimerudi, wiki ya saba hii. Hogo limekatwa jana. Mkono umekonda, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kwenye eksirei pale palipovunjika kuna wingu jeupe limezunguka, daktari anasema ndio mfupa mpya. Lakini vidole bado vimefifia vilevile. Nikamuuliza: kama jeni ya kolajeni imezimwa, hili wingu limetengenezwa na nani? Akacheka, akasema "nani kakufundisha maswali haya?"

#46 Dokta Kibajaji
Hakukujibu?

#47 Ugoko wa Chuma
Alisema pale kwenye jeraha na pale kwenye vidole ni "mitaa miwili tofauti". Halafu akapandisha dawa ya baridi yabisi na kushusha predinisoloni hadi 7.5, akatuandikia kipimo cha wingi wa mfupa.

#48 Msumari wa Inchi Sita
Mitaa miwili ni jibu la #30. Dokta Kibajaji, usije ukawa ndiye wewe.

#49 Bwana Ushahidi
Au mfupa ungeungana tu hata hivyo, kama wa watu wote. Hatuna mama wa pili wa kulinganisha naye.

#50 Nesi Mstaafu
Achana nao mwanangu. Vidole vinakunja?

#51 Ugoko wa Chuma
Vinakunja nesi, nusu. Leo asubuhi kafunga kanga mwenyewe. Fundo limelegea, limefunguka mara mbili akiwa anaelekea kuku, lakini kakataa nisimsaidie.